Programu Iliyokufa Saa Kumi na Moja

Kwa wiki tatu nilikuwa fundi wa kompyuta anayechekwa na mtaa mzima. Mimi ndiye niliyeandika programu ya kuendesha pampu ya maji: inasoma kina cha tangi la kilimani, maji yakipungua inawasha pampu, yakijaa inaizima. Mchana ilifanya kazi bila kasoro. Lakini karibu kila asubuhi nilikuta ama tangi limefurika na ua wa jirani wa bondeni umegeuka bwawa, ama limekauka na watu wamepanga ndoo barabarani.

Meneja wa kituo cha maji hakunigombeza. Alinitazama tu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nilibadilisha waya wa kipimo mara mbili. Nikalaumu umeme, nikalaumu hata panya.

Mhudumu wa pampu alikuwa mama wa miaka hamsini na nane, sote tukimwita Bi Masikio. Jina alilipata kwa haki. Aliweza kuipa mashine mgongo, akakwambia beringi ya kushoto inaanza kulika. Ukifungua, unaikuta imelika kweli. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiwasha na kuzima pampu ile kwa mkono wake, mpaka nilipokuja mimi na programu yangu na kumwambia asiguse tena swichi. Kwa ujinga wangu nilidhani ananionea kijicho.

Ijumaa moja mchana aliingia ofisini kwangu na daftari la shule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unaweza kunisikiliza kidogo?"

Alilifungua daftari mezani. Kulikuwa na safu mbili za saa, zimeandikwa kwa penseli.

"Kile kisanduku cha swichi ukutani kwangu hulia tik kila dakika," alisema. "Nikajua ni programu yako inakiamuru. Safu hii ni saa ile tik inapokoma."

Sikuwahi kuisikia tik yoyote. Pampu ile inanguruma kiasi cha kukuziba masikio.

"Na safu hii ya pili?"

"Hiyo ni pikipiki yako ikitoka getini."

Nilisoma. Jumatatu, saa kumi na moja na dakika tano jioni, safu zote mbili. Jumanne vilevile. Jumatano, saa tano asubuhi: siku hiyo nilimpeleka mke wangu kliniki, nikarudi saa nane. Alhamisi nilichelewa kutoka kazini hadi saa moja kasoro, na tik nayo ikaendelea hadi saa moja kasoro. Zamu yake huisha saa kumi na mbili. Alikuwa amebaki makusudi, asikilize.

"Sikuja kukusema," alisema taratibu. "Nimeona tu haisumbuliwi na umeme wala waya. Inakufa ukienda nyumbani."

Uso uliniwaka. Kila asubuhi nilikuwa nikifungua laptopu, naingia kwenye seva, ile kompyuta ya chumba cha pampu isiyozimwa, kupitia dirisha jeusi la kuandikia amri, naiwasha programu humo. Jioni nafunga laptopu, naiweka kwenye begi, naondoka. Nikamweleza: programu imezaliwa ndani ya lile dirisha, na dirisha likifungwa, seva huwapa amri ya kufa wote waliozaliwa humo. Ikifa pampu ikiwa inawaka, maji yanapanda hadi tangi lifurike; ikifa pampu ikiwa imezimwa, tangi linakauka.

"Kwa hiyo umekuwa ukiiua mwenyewe."

"Kila siku, mama."

Hakucheka, ingawa nilimwona akiuma mdomo.

Nilirudi kwenye kibodi. Nikaiwasha programu upya, safari hii nikiongeza neno moja linaloiambia isiitii ile amri ya kufa. Nikafunga laptopu mbele yake, tukaenda pamoja chumba cha pampu. Mimi niliitazama saa yangu. Yeye aliinamisha kichwa na kuinua kidole kimoja. Dakika ikapita. "Tik," akasema. Nyingine. "Tik." Tangi lilipojaa pampu ikazima yenyewe, na kwa mara ya kwanza katika chumba kile nami nikakisikia kile kisanduku.

Nilitaka kumwita meneja aje kuona. Bi Masikio akanizuia.

"Umeifanya kiziwi tu," alisema. "Umeme ukikatika, nani ataiwasha?"

"Mimi."

"Na ukiwa mgonjwa?"

Kabla sijajibu, alikwenda kwenye swichi ya seva na kuishusha, kisha akaipandisha. Seva ikawaka. Tulisimama pale dakika tano nzima, na kisanduku hakikulia.

Angeweza kuniambia kwa maneno, lakini nadhani alishanijua mimi ni mtu wa namna gani. Nilikaa mezani tena hadi alasiri. Nikaikabidhi programu kwa seva yenyewe, ili seva ndiyo iiwashe kila inapowaka, na ikianguka iifufue, bila dirisha langu wala mkono wangu. Yeye alivuta kiti, akauliza kila mstari una kazi gani, na palipokuwa hapaelezeki vizuri niligundua hata mimi nilikuwa sipaelewi. Tuliikatia seva umeme mara nne. Mara zote nne tik ilirudi kabla dakika mbili hazijatimia.

Katika ripoti niliandika kwamba tatizo liligunduliwa na mhudumu wa pampu. Meneja aliisoma mara mbili, akavua miwani, akashuka ngazi mwenyewe kwenda kumpa mkono. Mwezi uliofuata walianza kumtuma kwenye vituo vingine, akafundishe wahudumu kusikiliza mashine na kuandika wanachosikia.

Mimi nilichukua likizo, ya kwanza baada ya miaka miwili. Siku ya nne nilishindwa kuvumilia, nikampigia simu.

"Mama, pampu inaendeleaje?"

"Uko likizo au uko kazini?" aliuliza, akakata.