Mnara Upande wa Kushoto

Kwa miaka ishirini na saba Bwana Kidevu alikuwa akiwapiga watu picha mbele ya jiji ambalo hakuwahi kulikanyaga. Jiji lenyewe lilikuwa kwenye pazia la studio yake: mto, daraja, na mnara mrefu upande wa kushoto, vyote vimechorwa na mchoraji wa mabango aliyenakili kutoka kwenye kalenda ya zamani. Maharusi, wahitimu, hata wakwe zake mwenyewe walisimama hapo wakaambiwa wainue kidevu, na ndivyo alivyolipata hilo jina.

Mambo yaliharibika siku jirani yake, muuza simu, alipolitafuta jiji hilo mtandaoni akakuta mnara uko kulia kwa daraja. Alivyo hana dogo, akaitembeza simu mtaa mzima. Tangu hapo mteja akisimamishwa mbele ya pazia anachekacheka tu, na kidevu hakiinuki. Bwana Kidevu aliumia kwelikweli. Pazia lile ndilo lililomsomesha binti yake, na sasa linaitwa pazia la uongo.

Binti mwenyewe alikuwa muuguzi katika jiji hilohilo. Babake alipompigia kumuuliza mnara uko upande gani, alijibu kwamba inategemea umesimama wapi, jibu lisilomsaidia mtu. Basi alipomtumia tiketi aende kumtembelea, mzee alifunga safari kwa jambo moja tu: arudi na picha ya mnara ukiwa kushoto.

Binti alikuwa ameomba siku moja ya mapumziko, akaipanga vizuri: bustani, makumbusho, kisha chakula. Bwana Kidevu alikwenda kokote alikopelekwa, lakini macho yake yalikuwa ya kazini. Aliona watu wa kule wanatembea kana kwamba kila mmoja ameacha chungu motoni. Ngazi za umeme alizipanda mara tatu, mbili zikiwa hazina ulazima. Mwanga wa jiji hakuupenda. Alisema wingu limekaa vibaya na hakuna wa kulisogeza. Kwenye bustani alisimama mbele ya jemadari wa shaba, akamtazama kwa huruma, akatamka kwamba aliyempanga hakujua kazi, maana mkono umeachwa unaning'inia ovyo.

Saa sita walifika mtoni. Mnara ulikuwa kulia. Bwana Kidevu aliinamisha kichwa, akageuka, akachungulia chini ya kwapa lake mwenyewe, na mnara ukabaki kulia.

Binti alimwambia wavuke ng'ambo, huko lazima utageuka. Wakavuka, lakini huko majengo yalikuwa yamebanana bega kwa bega, mto hauonekani. Walijaribu kwenye maegesho ya magari, wakafukuzwa. Wakapanda hadi kwa daktari wa meno, ambako mzee aliganda dirishani mpaka mhudumu akaja kumuuliza ni jino lipi, naye kwa adabu akafungua kinywa. Makumbusho yalishafungwa, chakula hakikuliwa, na viatu vya binti vilianza kumng'ata.

Uwazi waliupata nyuma ya hoteli moja, katika ua wa jikoni, katikati ya mapipa ya taka na magunia ya viazi. Ukuta ulikuwa umebomoka kidogo, na hapo palitokea mto, daraja, na mnara kushoto. Machozi yalimlenga Bwana Kidevu. Kumbe kalenda haikudanganya, wala marehemu mchoraji.

Akampa binti kamera, akasimama, mkono kiunoni, kidevu juu. Mara mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka mpishi na ndoo ya maganda, akasimama nyuma ya mzee akishangaa.

"Baba, mwache tu," binti akasema. "Anapendezesha."

"Mama, kwenye picha yangu haingii mtu ambaye sijampanga."

Mpishi akaombwa kwa ishara asogee, akasogea. Kisha wakasubiri njiwa aondoke. Wakasubiri upepo utulie usimpeperushe koti, na mashua imalize kupita chini ya daraja. Ilipotimia karibu saa nzima na hakuna kitu kinachotikisika popote, ndipo Bwana Kidevu akaruhusu picha ipigwe.

Aliporudi nyumbani aliikuza, akaitundika dirishani pa studio, akavuta kiti na kusubiri watu waaibike. Muuza simu alikuwa wa kwanza. Aliisogelea, akaingia ndani akalitazama pazia, akatoka, akaitazama tena.

"Kazi safi," akasema. "Umeipigia humuhumu ndani."

Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Bwana Kidevu akamgeukia mkewe amwokoe, na mama wa watu alijitahidi. Alisema alimsindikiza mumewe hadi uwanja wa ndege kwa miguu yake mwenyewe, na barua ya binti iliyokuja na tiketi anayo. Lakini alipoulizwa kuhusu picha yenyewe, alitazama mto uliotulia tuli, akatazama koti lisilo na mkunjo.

"Mume wangu," akamwambia kwa upole, "hata wewe unaonekana umechorwa."

Bwana Kidevu aliingia ndani, akafunga mlango, akampigia binti. Alimwomba arudi kule nyuma ya hoteli akamtafute yule mpishi, ampige picha pale kwenye uwazi. Binti, aliyeujua ukali wa babake, akauliza ampange vipi.

"Usimpange. Asimame na ndoo yake anavyotaka. Njiwa akija, mwache. Mashua ikipita, ipite." Kisha akaongeza taratibu, kama mtu anayelivua koti lililokwisha kumzoea. "Na tafadhali, mama, asiinue kidevu."