Waliohudhuria kutoka Haro Dima

Siku ya tatu ya mafunzo, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Mwalimu Githae aliwahesabu wanafunzi wake wa kuzima moto akapata thelathini na saba. Jana yake walikuwa thelathini. Alihesabu tena akiwanyooshea kalamu, idadi ikawa ile ile, akaridhika. Fomu ya mahudhurio aliyopewa na ofisi ilikuwa na mistari thelathini na saba, na ile saba iliyobaki wazi ilikuwa imemsumbua.

Uwanja wa mafunzo ulikuwa nje kidogo ya mji wa Isiolo. Nyasi zilikuwa zimefika kiunoni baada ya mvua za mwaka uliopita, kisha zikakauka zikiwa zimesimama. Wanafunzi walikalia matairi. Wale saba wapya walikaa nyuma yao, chini kwenye vumbi. Nguo zao zilikuwa zimeungua kwenye pindo, na kandambili za wawili wao zilikuwa zimeyeyuka zikashikana na nyayo. Githae, ambaye alikuwa amestaafu kazi ya zimamoto Nairobi na kurudi shambani Nyeri kabla ya kuitwa kufundisha hapa, aliuliza kama kuna mtu anayewajua.

Kabale, mmoja wa wanafunzi, alisimama. Alisema hao ni watu wa kwao, Haro Dima, akataja majina yao mmoja mmoja na Githae akayaandika. La mwisho lilikuwa Umuro, mume wake. Hakusema kwamba walikufa miezi kumi na minne iliyopita, wakipiga moto wa nyasi kwa matawi mabichi ili ndama wapate kutoka zizini. Hakuna aliyemuuliza, na jambo lenyewe lilikuwa linaonekana.

Tangu siku hiyo saba hao hawakukosa. Walijifunza kukata njia ya moto, yaani kufyeka ukanda mtupu ambao moto ukifika unakosa chakula. Walijifunza kusimama upande ambao upepo unatoka. Walipiga moto wa mazoezi kwa fito zilizofungwa vipande vya mpira wa lori, wakaupiga vizuri kuliko wengine, bila kukohoa. Maji ya mazoezi yaliletwa mara mbili tu katika majuma mawili, kwa hiyo siku nyingi wanafunzi walishika mpira wa maji ukiwa mtupu na Githae akawaambia yanapoangukia maji.

"Mwalimu, ofisi iajiri hawa wa nyuma," alisema Emuria, Mturkana mmoja aliyependa kuchekesha watu. "Hawanywangi maji, hawaombi off, na mshahara utatumwa kaburini."

Watu walicheka. Mmoja wa wale saba pia alitabasamu.

Wale saba hawakuzungumza kabisa. Kabale alijaribu siku yao ya kwanza, wakati wa chakula. Alimsalimia Umuro, akamwambia mtoto sasa anatembea, kwamba yuko kwa nyanya yake Haro Dima, kwamba yeye mwenyewe amepanga chumba kimoja mjini, Bulla Pesa, na bado hajazoea kupika chakula cha mtu mmoja. Umuro alimtazama kama mtu anayetazama mvua ikinyesha mbali. Kitu pekee ambacho wafu hao walijibu ni majina yao yalipoitwa asubuhi. Githae alisema, "Umuro," na sauti ile ile iliyokuwa ikimwita Kabale kutoka kisimani ikasema, "Jira."

Kwa Kiborana, jira ni niko. Pia ni niko hai. Neno ni hilo moja, na mtu akilisema haulizwi amekusudia lipi. Githae hakujua Kiborana, lakini kufikia siku ya tano alikuwa amezoea kusikia neno hilo na kuweka alama ya vema mbele ya jina. Kufikia siku ya saba darasa zima lilikuwa linaitika hivyo, hata Kaburu, dereva wa gari la zimamoto, ambaye alikuwa Mmeru na alilitamka kama anafukuza kuku.

Kabale alianza kufika mapema. Jina lake lilikuwa la kumi na nne na la Umuro la thelathini na saba. Kati ya hayo mawili alikaa na mikono mapajani, akisubiri. Akishalisikia, siku iliyobaki aliifanya kazi yake vizuri, akarudi chumbani kwake, akapika, akala nusu.

Siku ya tisa alikuja afisa kutoka ofisini, msichana mpole aliyeitwa Waithera, amebeba faili mbili. Katika faili ya kwanza mlikuwa na barua ambayo Kabale mwenyewe aliiandika mwaka uliopita, ikapigwa muhuri na chifu. Barua iliomba kituo kidogo cha kuzima moto kijengwe Haro Dima, kilomita kumi na nne nje ya mji, kwa sababu gari la zimamoto linaishia kwenye nguzo ya mpaka wa mji. Siku ile ya moto lilikuwa limefika kwenye nguzo, likasimama, likangoja hadi moshi ukaisha. Kanuni ya ofisi ilisema kituo cha nje hujengwa pale tu ambapo moto umeshaua watu. Kabale alikuwa ameorodhesha majina saba.

Waithera alifungua faili ya pili, ya mahudhurio, akaziweka pamoja juu ya boneti ya gari.

"Dada, hawa umeandika wamekufa," alisema. "Na hapa wamehudhuria siku saba mfululizo."

"Wamehudhuria," Kabale alisema.

"Basi hawajafa."

"Wamekufa. Wale pale."

Waithera aliwatazama wale saba waliokuwa wakikunja mpira, akawasalimia kwa kichwa. Alisema haoni ubaya wowote kwao, ni watu wenye bidii. Shida ni kwamba fomu moja inasema hivi na nyingine inasema vile, na mkubwa wake hawezi kutia sahihi zote mbili. Ikibaki ya mahudhurio, hakuna aliyekufa na hakuna kituo. Alimpa Kabale hadi Ijumaa.

Ilikuwa Jumatano. Jioni hiyo Kabale alimpigia mama yake simu akauliza habari za mtoto. Mama alisema ni mzima, amejifunza kufukuza mbuzi. Kabale alimfikiria mtoto katikati ya nyasi zinazompita kimo. Hakumwambia mama jambo lingine.

Alhamisi asubuhi alimwacha Githae aite majina yote. Alisikia lile neno mara moja zaidi. Kisha akamwendea, akamwomba afute wale saba.

"Una hakika?" Githae aliuliza. Alikuwa mzee na mke wake alikuwa amefariki muda mrefu. "Nikishakata jina, siliiti tena."

"Najua, mwalimu."

Githae alitoa rula na kalamu nyekundu, akakata mistari saba iliyonyooka. Alipofika kwa Umuro alingoja kidogo, labda ili Kabale apate nafasi ya kubadili nia. Kabale alikuwa anatazama rula.

Ijumaa wale saba walikuja kama kawaida, wakakaa nyuma. Githae aliita majina thelathini, akafunga daftari. Baada ya jina la mwisho Kabale alimwona Umuro amefungua mdomo kidogo, kama mtu aliyekaribia kuitwa. Kisha akaufunga. Mafunzo ya siku hiyo yalikuwa juu ya kufunga majeraha.

Jibu la ofisi lilikuja Jumatatu. Liliandikwa kwa lugha ya heshima. Lilisema kuwa washiriki saba wameondolewa kwenye orodha baada ya kuhudhuria kwa sehemu, na kwamba mshiriki aliyeacha mafunzo katikati hahesabiwi kuwa marehemu. Ombi la kituo lingeangaliwa tena endapo kungekuwa na vifo. Kabale aliisoma barua mara mbili. Emuria aliisoma pia, na kwa mara ya kwanza hakupata cha kuchekesha. Alimnunulia chai.

Walipewa vyeti, thelathini. Kabale aliajiriwa kwa mkataba wa miezi mitatu.

Juma la pili la kazi, saa nne asubuhi, moshi ulionekana upande wa Haro Dima. Kaburu aliendesha gari kwa kasi hadi kwenye nguzo, akasimama, akazima injini. Githae, aliyekuwa ameongezewa mwezi mmoja kama msimamizi, alipiga simu ofisini kuomba ruhusa ya kupita. Aliambiwa angoje. Alipiga tena. Kabale alishuka akasimama kando ya nguzo na ufito wake mkononi, na kwa sababu kanuni ya mpaka ilimkataza kupita kila aliyeandikwa kwenye orodha, Githae alimshika bega.

"Ukipita, nitalazimika kukufuta," alisema. "Na wewe una mtoto wa kulisha."

Wale saba walikuwa wamekaa sehemu ya nyuma ya gari, juu ya mipira ya maji. Waliteremka. Majina yao hayakuwa kwenye orodha yoyote, na hakukuwa na kanuni ya kuwazuia. Walichukua fito. Ulipungua mmoja, na Umuro akamjia Kabale, akachukua wake mkononi. Vidole vyake vilikuwa na joto la kawaida. Kabale alingoja. Umuro aligeuka akawafuata wenzake, wakaingia kwenye nyasi kwa mstari, wakishika upande ambao upepo unatoka, kama walivyofundishwa.

Kufikia saa nane moshi ulikuwa umekwisha. Ruhusa ilikuwa haijafika. Githae aliandika ripoti akiiegemeza gotini: moto ulizimika wenyewe, hakuna hasara. Alifikiri, akamtazama Kabale, akasema fomu haina mahali pa kuandika mengine. Kabale alitia sahihi kama shahidi.

Baada ya magharibi alipiga simu nyumbani.

"Nagaa, Kabale," mama yake alimsalimia.

"Nagaa, ayyo. Mko salama?"

Mama alisema wako salama, ndama wote wapo, moto ulifika karibu na zizi la majirani, kina Tache, ukazimwa. Alisema Umuro alikuja na wenzake, wakapewa maziwa, wakanywa, wakaondoka kuelekea mashariki.

"Alisema nini?"

"Hakusema. Alikuwa amechoka."

"Alimwona mtoto?"

"Alimbeba kidogo. Mtoto alilia, hamjui."

Kabale alisema ni vizuri. Kisha akauliza kama zimebaki nyasi upande huo ambao haukuungua.

"Ziko," mama alisema. "Nyingi. Na zimekauka."