Damu Iliyorudi Safi

Fundi saa alikuwa na mwiko mmoja kazini: saa ikimshinda, haipelekwi kwa fundi mwingine na uchafu wake. Aliifungua, akaipangusa, akaitia tone la mafuta, ndipo akaikabidhi.

Mkewe alikuwa na sonona mwaka wa tatu sasa. Mwanamke aliyecheka mpaka majirani wakagonga ukuta, siku hizi alikaa ukingoni mwa kitanda na soksi moja mkononi, haivai wala haiweki chini. Dawa za aina tatu zilikuwa zimempita kama maji kwenye chujio.

Kaka wa mke hakuwa na huruma. "Shemeji, umemdekeza. Mnyang'anye kitanda uone kama hasimami."

"Na wewe nikikunyang'anya mdomo, utabaki na nini?"

Kisha daktari mmoja, mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu, akawaeleza jambo jipya. Kwa baadhi ya wagonjwa kinga ya mwili huwaka isizimike, kama kidonda kinavyovimba, na uvimbe huo huenda ukafika hata kwenye ubongo. Pengine ndiyo maana dawa za kawaida hazikufua dafu. Kulikuwa na utafiti wa dawa ya kuutuliza, ila waliwachukua wale tu ambao damu yao inauonyesha. Kipimo cha kwanza cha mkewe kiliuonyesha waziwazi. Kilibaki cha kuthibitisha, baada ya wiki mbili. Nafasi ilibaki moja.

"Na asianze dawa mpya," daktari alisema. Fundi akaandika hilo pia kwenye daftari lake.

Njiani mkewe alimshika mkono, mara ya kwanza baada ya miezi. "Kumbe ni ugonjwa," alisema. "Si mimi."

Siku nne kabla ya kipimo, magoti ya mkewe yalivimba. Fundi hakutaka kumpeleka akichechemea kama mtu asiye na mwenyewe. Alikuwa na vidonge alivyoandikiwa yeye kwa ajili ya viungo vyake. Dawa mpya? Vilikuwa kabatini mwaka mzima! Akampa, asubuhi na jioni. Siku ya kipimo mke alitembea wima, gauni limepigwa pasi, na fundi nyuma yake, kifua mbele.

Alhamisi daktari alimwita peke yake.

"Mzee, damu imerudi safi."

Fundi alitabasamu. Daktari hakutabasamu.

"Kuna kitu alimeza?"

Fundi akatoa pakiti mfukoni. Daktari akaisoma, akaiweka mezani polepole. "Hizi huzima kilekile tulichokuwa tunakitafuta. Aliyezitumia hasajiliwi mpaka ipite miezi mitatu, na orodha inafungwa kesho."

"Kosa ni langu, daktari, si lake."

"Najua, mzee. Fomu haina mahali pa kuandika hivyo. Tutaendelea kumtibu."

"Kwa dawa ya nne?"

Daktari akainamia karatasi zake.

Mkewe alikuwa kwenye benchi nje ya mlango. "Nimesikia," alisema. "Damu yangu haina kitu. Basi ni mimi."

"Si wewe, mama watoto. Ni mimi na vidonge vyangu." Akamweleza yote, palepale, watu wakipita. Kisha akangoja. "Nitukane basi."

"Ya nini? Ulitaka nitembee vizuri." Akasimama. "Twende nyumbani."

Fundi angetoa duka zima, na saa zote za watu ndani yake, apate tusi moja tu. Huko nyuma mkewe alikuwa na ulimi!

Ijumaa jioni, wakati ofisi zinafungwa, mkewe alikuwa ukingoni mwa kitanda na soksi yake. "Magoti yameanza tena," alisema, kama mtu anayetaja mvua ya mtaa mwingine.

Fundi akapiga magoti mbele yake, akaweka kiganja juu ya goti. Lilikuwa limevimba, la moto kabisa. Akalishika hivyohivyo, hakujua ni nani wa kumkabidhi.