Darasa la Viti

Mwaka wa themanini na tisa Klaudia alikuwa na miaka hamsini na minne, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa mtu wa kukaa tu. Kamachumu, alikoolewa, hakuwahi kujiuliza mazoezi ni kitu gani. Alipanda na kushuka kilima na mikungu ya ndizi kichwani, akapalilia, akachuma kahawa, jioni akalala kama gogo. Kisha binti yake Joviana akafariki kwa ugonjwa ule ambao watu waliutaja kwa kushusha sauti. Yeye na mumewe Ildefons wakamwachia shemeji kibanja chao cha migomba, wakahamia Kitendaguro, mjini Bukoba, katika nyumba ya marehemu, ili wajukuu wao wawili wa kike wasiache shule. Hapo mjini bomba lilikuwa uani na kuni zililetwa mlangoni. Klaudia akakaa mkekani, akatafuna punje za kahawa na kumwaza mwanawe, na mwili ukaanza kuwa mzito.

Nesi Kezia wa zahanati alimpima, akapima tena.

"Mama, presha imepanda. Dawa nitakupa, lakini dawa peke yake haitoshi. Fanya mazoezi."

"Nakimbia kwenda wapi, mwanangu?"

"Popote. Ila usifanye peke yako. Utaanza Jumatatu, Jumatano utakuwa umerudi mkekani. Tafuta kundi linalokufaa."

Kundi la kwanza lilikuwa la mchakamchaka, huko Kahororo, likiongozwa na mwalimu mmoja aitwaye Karugendo. Kila alfajiri walimu na vijana walikimbia barabarani wakiimba. Ildefons alimsindikiza mkewe kwa mkongojo wake, maana goti lake la kulia lilikuwa halikunjiki tangu vita vya Kagera, alikokwenda kama mgambo. Aliketi kwenye jiwe kando ya barabara, kandambili za mkewe mapajani.

Klaudia alikwenda nao hadi nyimbo mbili zikaisha. Wimbo wa tatu aliusikia ukififia mbele yake kwenye kona. Alirudi polepole, ameshika kiuno.

"Umekimbia vizuri," Ildefons alimwambia.

"Usinidanganye, baba Joviana."

"Sikudanganyi. Isipokuwa yule mbuzi amekupita, naye amefungwa kamba."

Klaudia alimpiga begani kwa kitenge, wakarudi nyumbani taratibu, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa kuchelewesha safari.

Wiki iliyofuata alijaribu mpira wa pete uwanjani pa parokia. Wasichana walimpokea kwa heshima, wakamwita mae, yaani mama, wakampa nafasi ya ulinzi asikimbie sana. Mikono yake ilikuwa bado ina nguvu, na mpira ulipomjia aliudaka, wakampigia makofi. Alianza kufurahi. Ndipo msichana mmoja akaita kutoka upande wa pili, "Joviana, toa pasi."

Klaudia aligeuka upesi, uso umemng'aa. Msichana aliyeitwa alikuwa mwembamba, mwenye nywele za kusuka, mtoto wa watu wengine kabisa. Wachezaji wote walisimama. Wengi wao walimjua binti yake, na yule aliyeita alifunika mdomo kwa kiganja.

"Endeleeni, wanangu," Klaudia alisema. "Hamjakosa lolote."

Alijifunga kitenge chake, akaondoka. Ildefons alikuwa akimngoja kando ya uwanja. Alimpa mkono, na njia nzima hakuuachia.

Kwa siku nyingi Klaudia hakutaka kusikia habari ya makundi. Kezia ndiye aliyemfuata nyumbani, akamwambia kuna darasa lingine Kahororo, katika ghala la zamani la kahawa, Jumanne na Ijumaa saa kumi jioni. Lilikuwa la majeruhi wa vita. Aliyelifundisha ni Mayenga, Msukuma aliyejeruhiwa mgongo vitani, akajifunza mazoezi hospitalini, na baada ya vita akabaki Bukoba.

"Wanafanya wakiwa wamekaa kwenye viti," Kezia alisema. "Baba naye angefaa huko."

Ildefons alitazama pembeni. "Huko mimi siendi."

Klaudia alijua kwa nini. Mumewe alirudi kutoka vitani, rafiki yake Privatus hakurudi, na kwa miaka kumi Ildefons alikuwa akizikwepa nyuso zote zilizoweza kumuuliza juu yake. Hakumshurutisha. Alikwenda peke yake.

Aliwakuta wanaume tisa wamekaa duara. Mmoja wao, Datius, alikuwa na mguu mmoja na maneno ya watu watatu.

"Mama, wewe ulipigana kikosi gani?" alimuuliza.

"Kikosi cha jikoni, waitu," Klaudia alijibu kwa neno la heshima la Kihaya. "Na bado hatujarudishwa nyumbani."

Walicheka, na Mayenga akamsogezea kiti. Hakumuuliza presha yake imefika wapi. Alimuuliza alikuwa akifanya kazi gani Kamachumu, na aliposikia habari za mikungu na kilima, akampa matofali mawili ayainue polepole hadi usawa wa mabega. Waliimba zile zile nyimbo za mchakamchaka, miguu ikikanyaga sakafu na makalio yakiwa vitini. Klaudia alitoka jasho. Katikati ya wimbo Datius alikosea, akainua mguu asiokuwa nao, akajitukana mwenyewe, na Klaudia akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alishangaa kujisikia akicheka hivyo. Sauti ile hakuwa ameisikia tangu msiba.

Baadaye alimwambia Mayenga, "Sijui kama mahali hapa ni pangu. Mimi sikuumia vitani."

"Mama, mimi nawaambia wote hivi," Mayenga alijibu. "Chagua darasa ambalo hata siku roho inakataa, miguu inakuleta. Ukija Ijumaa, basi ni pako."

Ijumaa alikuja. Akaja na Jumanne.

Nyumbani alifanya mazoezi jikoni, wajukuu wakimwiga huku chungu cha ndizi kikitokota. Ildefons alichungulia mlangoni siku ya kwanza, siku ya pili akaingia.

"Unainua mguu kama unayekwepa tope," alisema. "Kunja goti kwanza."

"Nionyeshe basi."

Alikaa, akajaribu. Goti lilikataa, likatoa mlio, uso ukamkunjamana. Klaudia alisogea karibu. Aliliweka goti lile mikononi mwake na kulisugua kwa mafuta, na walikaa hivyo mpaka ndizi zikaungua chini.

Jumanne iliyofuata Ildefons alichukua mkongojo wake na kumfuata. Mlangoni pa ghala alisimama. Datius alimtazama, akamtambua.

"Wewe ni Ildefons wa Kamachumu. Ulikuwa na Privatus."

"Ndiyo."

"Mimi nilisaidia kumzika," Datius alisema kwa sauti ya chini. "Tulimzika vizuri, ndugu yangu. Padri alikuwepo."

Ildefons aliitikia kwa kichwa mara nyingi. Mayenga alileta kiti, akakiweka kando ya kile cha Klaudia. Siku hiyo Ildefons hakufanya zoezi hata moja. Alikaa tu, mkono wake juu ya goti la mkewe, na watu walimwacha.

Mwaka ulipokwisha presha ya Klaudia ilikuwa imeshuka, si sana, lakini Kezia aliridhika. Akina mama wengine walikuja, wengi wao bibi waliokuwa wakilea wajukuu kama yeye, mpaka ikabidi kuazima mabenchi kanisani. Siku za maziko, nazo zilikuwa nyingi, darasa lilivunjwa na wote walikwenda msibani pamoja kwa miguu. Wale bibi hawakuwa wepesi kufuata Kiswahili cha Mayenga akihesabu, ikawa kila mmoja anainua mkono wakati wake. Ildefons akaombwa ahesabu kwa Kihaya, lugha yao. Alisimama mbele, goti limekunjika kidogo, akaanza kwa aibu, na kwenye raundi ya pili Klaudia alimsikia akiwakaripia wazee wenzake kwamba wanadanganya, hawainui mikono mpaka juu.