Dirisha Lifungwe, Kazi Isife

Mpiga picha alikuwa na binti mmoja tu, na siku hiyo binti alikuwa anaondoka. Kazi mpya ilimngoja katika mji wa mbali, basi lilikuwa la alasiri, na begi lilishasimama mlangoni pa studio. Asubuhi baba akakumbuka, au akajifanya kukumbuka, kwamba diski ya picha za wateja ilikuwa inakohoa.

"Zihamishe kabla hujaenda, mama," alimwambia. "Ikifa hiyo, nimekufa nayo. Na kukusindikiza sitaweza. Nani atabaki na mashine?"

Diski ilikuwa inakohoa tangu mwaka jana. Wote wawili walilijua hilo, na hakuna aliyelisema.

Kompyuta ya studio ilikuwa imeharibika kioo, ila ubongo ulikuwa mzima. Binti akaiunganisha kwa waya na kompyuta yake ndogo, akafungua kwenye skrini yake dirisha jeusi lisilo na pambo, akaandika mstari mmoja wa amri. Picha zikaanza kunakiliwa kwenye diski mpya: maharusi, watoto wenye meno mawili, wazee waliokunja uso kwa ajili ya kitambulisho kana kwamba wameshtakiwa. Dirishani hapakuonekana kitu, ila kialama cheupe kilichokuwa kikiwaka na kuzimika.

Jua likapinda. Kazi haikuisha.

"Ndiyo hivyo tena," baba alisema, akipangusa lenzi ambayo ilikuwa safi. "Ukichomoa kompyuta yako, dirisha linafungwa na kazi inakatika. Si ndivyo ulivyonifundisha? Utaenda kesho. Au keshokutwa."

"Baba."

"Nasema tu."

Binti akavuta kiti, akakaa karibu naye. "Hivyo ni kama kazi ipo mbele, imeshikilia dirisha. Nitaipeleka nyuma." Akabonyeza Ctrl na Z kwa pamoja. Taa ya diski ikaacha kuwaka, na baba akashika kifua.

"Umeiua?"

"Nimeisimamisha. Kama wewe unavyoitwa na mteja kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni." Akaandika *bg*. Taa ikaanza kukonyeza upya. "Sasa inaendelea kule nyuma. Haituhitaji tuikodolee macho."

"Na ukifunga dirisha?"

"Bado ingekufa, maana dirisha linaihesabu kuwa mtoto wake. Limebaki neno moja." Akaandika *disown*, lakini hakubonyeza kitufe cha kulipeleka.

"Maana yake?"

Binti akasita. "Kukana. Dirisha linaikana kazi, ili likiondoka lisiondoke nayo."

Baba akalitazama neno lile kwa muda. "Aliyelichagua hakuwa na mtoto," akasema.

"Wewe ungeliitaje?"

"Kuozesha. Unamtoa nyumbani, anakwenda zake, na hafi."

"Siolewi, baba. Naenda kazini."

"Najua unakokwenda." Akacheka, kisha kicheko kikamkauka. "Diski ingeweza kungoja."

"Najua."

"Na ukakubali?"

"Nilitaka tukae hivi." Akamsogezea kompyuta. "Bonyeza wewe."

Kidole kile kilichobonyeza kamera miaka nenda miaka rudi, mbele ya watoto wanaolia na mabwana harusi wenye pombe kichwani, sasa kilikuwa kizito. Kama angeuacha mkono chini, basi la alasiri lingeondoka na kiti kitupu, naye angepata kesho, na keshokutwa. Akamtazama binti. Binti hakumhimiza. Alikuwa akitazama pembeni, kwa adabu, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kuvaa.

Baba akabonyeza.

Hakikutokea kitu, ila mstari mpya mtupu. Binti akafunga dirisha, akachomoa waya, akaikunja kompyuta. Baba akaweka kiganja juu ya diski mpya kama anayepima homa. Ilikuwa inatetema. Iliendelea kutetema.

"Inakwenda," akasema polepole.

"Taa ikitulia kabisa, imemaliza. Usiiguse mpaka hapo."

"Kwa hiyo hainihitaji."

"Haikuhitaji."

"Basi nakaa hapa kufanya nini?" Akainuka, akatafuta viatu chini ya meza, akaliwahi begi kabla binti hajalishika. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Akafunga mlango wa studio, taa ya kijani ikibaki ndani ikikonyeza peke yake.

Walitembea kuelekea stendi bila haraka, maana basi lilikuwa bado.

"Huko watakupiga picha ya kitambulisho," baba alisema.

"Nadhani."

"Kaa wima, na usiwaruhusu wakuinamishe kichwa. Watu wengi wanainamishwa kichwa bure."

"Nitawaambia baba yangu amekataa."

"Waambie hivyo hivyo," akasema, akalihamishia begi bega la pili.