Masaa Matatu na Nusu Kutoka Seoul

Hosiyat alipooneshwa tiketi ya mwanawe kwenye simu, chai ilimpalia. Ndege inaondoka Seoul saa nne asubuhi, inatua Tashkent saa saba u nusu mchana, siku hiyo hiyo. Akahesabu kwa vidole, akarudia.

"Masaa matatu na nusu!" akamaka. "Treni ya Bukhara inachukua zaidi! Nami miaka minne naambiwa Seoul ni mwisho wa dunia."

"Mama, saa za kule ziko mbele ya zetu," Muqaddas, bintiye, akajaribu.

"Usinifundishe saa, weye! Nazisoma tangu hujazaliwa."

Basi tena. Na hakununa bure. Mumewe alipofariki jioni moja majira ya baridi, mwanawe Jahongir alipiga simu akilia: ni mbali mno, mama, sitawahi maziko. Wakazika kesho yake alasiri. Pale langoni, anaposimama mtoto wa kiume kupokea rambirambi, alisimama mtoto wa jirani. Kumbe masaa matatu tu! Roho ilimuuma Hosiyat, tena sana.

Jikoni, kwenye msumari, ulining'inia mkate alioung'ata Jahongir siku ya kuondoka, kama ang'atavyo kila msafiri wa mtaa ule, ili akirudi aumalize mwenyewe. Hosiyat akautungua, akaufungia kabatini, ufunguo akautia mfukoni.

"Haumalizi ng'o!"

Jahongir akafika, amekonda, begi begani. Alipokwisha kusalimu, macho yake yalikwenda jikoni, kwenye msumari mtupu.

"Mama, mkate wangu uko wapi?"

"Masaa matatu na nusu," mama akamjibu. "Baba yako angekungoja."

Muqaddas akadakia. "Ni saba na nusu, mama! Kaka alipokuwa anapaa kule, hapa kwetu ilikuwa saa kumi na mbili alfajiri. Wewe ulikuwa unafagia uani."

Hosiyat akakumbuka. Ni kweli, alikuwa anafagia. Saba na nusu si haba. Moyo ukaanza kumlegea, mkono ukaingia mfukoni kutafuta ufunguo.

"Hata saba na nusu, ningewahi," Jahongir akasema, akiangalia zulia. "Kibali changu cha kukaa kule kilikuwa kimekwisha. Ningetoka, wasingeniruhusu kurudi tena. Nikachagua kazi, mama. Wewe nikakwambia ni mbali."

Muqaddas alijifanya anapanga mabakuli ya chai.

Hosiyat akaliendea kabati, akalifungua. Mkate ulikuwa mgumu kama tofali. Akaupiga kwa mpini wa kisu mpaka ukamegeka, akachovya kipande kwenye chai, akamtia mwanawe mdomoni kwa mkono wake, kama alivyomlisha utotoni. Jahongir akatafuna huku machozi yakimtoka.

"Kula uumalize," mama akasema. "Halafu twende kwa baba yako. Makaburini ni hapo nyuma ya msikiti, na huko usiniambie ni mbali."