Kipande cha Mkia

Mama Kisu hakuwa na ugomvi na samaki mbichi. Amewauza miaka ishirini na mbili, kwenye meza ileile ya zege aliyoachiwa na mama yake, na jina lenyewe la Kisu alipewa na wateja kwa jinsi anavyompasua jodari. Ugomvi wake ulikuwa na mdogo wake, Kitinda, ambaye tangu azaliwe hajawahi kupara samaki hata mmoja, na sasa eti ndiye anayesifiwa mapishi.

Mapishi gani, jamani? Kukatakata samaki mbichi, kumchanganya na sosi ya soya na mafuta ya ufuta, kummwaga juu ya wali kwenye bakuli, pembeni tango na parachichi, basi. Kitinda alijifunza kwenye simu, akasema ndivyo wanavyokula watu wa Hawaii. Mama Kisu aliposikia alicheka mpaka akashika mbavu. Mama yao hali hata yai lisiloiva sawasawa, ataligusa hilo?

Mama aliligusa. Mama ambaye kwa Mama Kisu alikuwa anakula vijiko vitatu na kusema ameshiba, kwa Kitinda alilamba bakuli. Alikwenda kukaa wiki moja, ikawa mwezi. Kila akiulizwa kwenye simu anarudi lini, jibu ni lilelile: "Ngoja kwanza mwanangu, leo mdogo wako anatengeneza lile bakuli."

Sokoni Mama Kisu aliwaambia wenzake kwamba ana wasiwasi na afya ya mama. Wasiwasi wapi! Ulikuwa wivu, tena ule wa kukosesha mtu usingizi. Miaka sita amemuuguza, amemwogesha, amempikia michuzi ya kila namna, leo anashindwa na mtu asiyejua shavu la samaki liko wapi. Kila jioni alifungua chumba cha mama, akatazama kitanda kilichotandikwa, akafunga.

Jumamosi asubuhi Kitinda akatokea mezani na kikapu.

"Shikamoo dada. Nichagulie kipande kizuri cha bakuli. Na mchana uje tule wote, mama amesema lazima uje."

Juu ya barafu palikuwa na mgongo wa jodari wa alfajiri ile, mwekundu, laini, hauhitaji hata meno. Mkono wa Mama Kisu ulishafika pale.

"Utamwona mama alivyonawiri," Kitinda akasema, hana hili wala lile. "Mashavu yamerudi."

Mkono ukahama, ukachukua mkia.

Tusimsingizie, mkia ule haukuwa na ubaya wa kumdhuru mtu. Samaki ni yuleyule, wa alfajiri ileile. Ila mkia ni nyuzi tupu. Ukichemshwa saa nzima unalainika, ukiliwa mbichi ni kama kutafuna kamba ya kiatu, na meno ya mama yamebaki ya kuhesabu. Mama Kisu aliuchuna ngozi, akauchonga pembeni usijulikane, akaufunga. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: mama atafune leo, achoke, alichukie hilo bakuli, arudi nyumbani.

Mchana Kitinda alikata vipande vya ukubwa wa dadu, akavichanganya na majani ya kitunguu na tangawizi, akanyunyiza ufuta juu. Wakaketi watatu. Mama akatia kijiko cha kwanza. Akatafuna. Akahamishia shavu la pili, akatafuna tena. Mama Kisu aliinamisha uso asionekane alivyofurahi.

"Vipi mama, sosi imezidi?" Kitinda akauliza.

"Hapana, ni tamu. Niletee maji."

Kitinda alipoingia jikoni, mama aliweka kijiko chini.

"Huu ni mkia."

Mama Kisu akatazama bakuli lake.

"Umeuchonga vizuri, lakini ni mkia. Mimi nimekaa kwenye meza ile kabla yako." Mama hakupandisha sauti. "Nilikufundisha mkia mbichi tunampa nani?"

Mama Kisu alikumbuka alivyofundishwa, ana miaka kumi na miwili, kwa kunong'onezwa nyuma ya mizani.

"Sema."

"Mteja tusiyetaka arudi."

"Haya." Mama alifuta mdomo. "Mimi nimeshafunga begi tangu asubuhi. Nilimtuma mdogo wako akakuite, tukimaliza kula twende wote nyumbani. Nimekukumbuka mwanangu."

"Mama, nilikuwa na wivu. Nilitaka tu—"

Kitinda akarudi na bilauri. Mama akanywa maji yote, polepole, kisha akamshika Kitinda mkono.

"Lirudishe lile begi chumbani. Dada yako ameona nikae kwako bado."

Kitinda akaruka, akamkumbatia dada yake shingoni kutoka nyuma, akimshukuru, akisema alikuwa anaogopa kuomba, alijua dada hatakubali, kumbe ana moyo mkubwa namna hii. Mama akaokota kijiko, akaendelea na bakuli lake. Mama Kisu naye akatia kipande mdomoni, akatafuna, na hakikumezeka.